Kuchota Ubunifu Katika Siku ya Kawaida: Mwongozo Kamili kwa Mwanamke wa Nairobi

Wanawake wengi wa Nairobi wanaolalamika kwamba wamekauka kimawazo hawajakauka hata kidogo. Wazo huwajia wakikatakata sukuma wiki, wakisubiri mtungi ujae, au wakiwa wamebanwa kati ya abiria wawili ndani ya matatu ya Rongai. Huja likapita, kwa kuwa hapakuwa na pa kuliweka wala saa ya kulirudia. Usiku, vyombo vikishaoshwa na mtoto akishalala, mtu anaketi mbele ya karatasi au kitambaa, anaona patupu, na hapo ndipo anapojihukumu kuwa hana kipaji.

Nimeandika mwongozo huu nikiamini kwamba mawazo yamo tayari katika siku yako. Kazi iliyobaki ni kuyadaka, kuyatunza na kuyarudia. Mimi nashona na kuandika mashairi, kwa hiyo mifano mingi itatoka huko, lakini hatua ni zilezile kwa msusi wa saluni, mpambaji keki, mchoraji, mtunzi wa nyimbo au mama anayetaka tu nyumba yake iwe na kitu kilichotoka mikononi mwake. Zifuate kwa mpangilio mara ya kwanza. Ukishazizoea utajua zipi za kuruka.

Hatua ya kwanza: jua nguvu zako huishia wapi

Usianze na ratiba. Anza na nguvu, maana saa ikipatikana ilhali mwili umechakaa, haitazaa kitu. Utafiti wa matumizi ya muda wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mwanamke nchini Kenya hutumia zaidi ya saa nne kwa siku katika kazi za nyumbani na ulezi zisizo na malipo, ilhali mwanamume hutumia karibu saa moja. Ongeza juu yake kibarua au duka, kisha msongamano wa Jogoo Road kwenda na kurudi. Uchovu wako una hesabu yake, na hesabu hiyo haihusiani na uvivu.

Chukua karatasi moja. Igawe sehemu nne: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kwa siku tatu mfululizo, andika neno moja tu katika kila sehemu: mwepesi, mzito, tupu, mkali, mtulivu, lolote linalosema ulivyokuwa. Usieleze sababu. Siku ya nne tazama karatasi hiyo, utaona mwanya. Wengi hudhani mwanya wao ni usiku kwa sababu ndipo nyumba inaponyamaza, kumbe usiku ndio wakati walioandika "tupu" siku zote tatu. Fundi mmoja wa Ngara aliniambia kichwa chake hufunguka mapema asubuhi, kabla wateja hawajaanza kubisha. Basi huo ndio wakati wake wa kukata mitindo mipya, na marekebisho ya zipu na pindo huyaachia mchana.

Nataka kusema wazi jambo ninaloliamini sana: sikubaliani na ushauri wa kumwamsha mwanamke saa kumi alfajiri ili "awe na muda wake". Mwanamke anayepanda matatu saa kumi na moja na nusu tayari ameshaamka alfajiri. Ukimwibia usingizi unamwibia hata kile kidogo alichokuwa nacho. Kama lazima kitu kipunguzwe, kianze na simu ya usiku. Weka chaja sebuleni, mbali na kitanda. Kula pia kabla ya saa saba mchana. Chai tupu tangu asubuhi haibebi wazo la mtu mzima.

Kisha zungumza na watu wa nyumbani, na uzungumze kwa siku na saa. "Nahitaji muda wangu" ni maneno yasiyoshikika. Jaribu hivi: "Baba Fulani, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili usiku, watoto ni wako. Nitakuwa chumbani na cherehani." Kwa watoto wenye umri wa kuelewa, tundika leso mlangoni, leso ikiwa pale, wasubiri. Kama unalea peke yako, badilishana na jirani unayemwamini: Jumamosi asubuhi watoto wake wakae kwako, Jumapili mchana watoto wako wakae kwake. Nusu saa mara mbili kwa wiki inatosha kuanzia. Marehemu Margaret Ogola aliandika riwaya iliyochapishwa mwaka 1994, iliyokuja kusomwa na wanafunzi wa sekondari nchini kote, akiwa mama na pia daktari wa watoto. Sidhani aliwahi kupata siku nzima ya bure.

Hatua ya pili: kuwa na pa kudakia

Hii ndiyo hatua inayobadilisha mambo kuliko zote, nayo ni rahisi. Nunua daftari dogo linaloingia mfuko wa sketi au kipochi, lile la bei ya chini kabisa. Daftari zuri la jalada la ngozi litakutisha, utaogopa kuliharibu. Lifunge kalamu kwa uzi.

Ndani yake andika unachokiona, unachokisikia, unachokinusa na unachokigusa, pamoja na tarehe na mahali. Usiandike maoni. "Mwanamke mrembo sokoni" haitakusaidia mwezi ujao. "Muthurwa, saa kumi na mbili jioni, mama ameweka mishumaa miwili ndani ya chupa za plastiki zilizokatwa, nyanya zake zinang'aa kama zina taa ndani" itakusaidia, maana humo mna rangi, mna mwanga, mna umbo. Siku ukikosa la kuchora au kushona, ukurasa huo utakupa.

Ndani ya matatu kuandika ni taabu, na kutoa simu ukiwa umeketi dirishani si busara hapa mjini, hasa gari linapokwama kwenye mzunguko. Ukipata wazo garini, lifunge kwenye maneno matatu na uyarudie kimoyomoyo hadi ushuke. Ukishafika ndani ya duka au kwenye ngazi za ploti, jirekodi kwa sauti. Programu ya kurekodi imo karibu katika kila simu, na kama unatumia WhatsApp unaweza kujitumia ujumbe wa sauti mwenyewe. Sema haraka na usijisikilize papo hapo.

Kila Jumapili, au siku yoyote unayopumzika, soma wiki nzima na uweke alama kando ya vitu viwili au vitatu. Hivyo ndivyo utakavyofanyia kazi. Vingine viache vilale. Nimeona kitu kikilala daftarini mwaka mzima kisha kikaamka siku ya kufaa, kwa hiyo usirarue kurasa.

Hatua ya tatu: zoeza macho mahali unapopita kila siku

Mtu akiizoea njia yake huacha kuiona. Dawa ni kuipa siku kazi moja ya kutazama. Jumatatu, rangi moja tu: tafuta manjano tangu unapofunga mlango hadi unaporudi. Kuna mitungi ya maji, mistari ya pembeni mwa matatu, viatu vya mwanafunzi, maganda ya ndizi. Jumanne, sauti. Jumatano, mikono ya watu, na kadhalika. Usichukue mbili kwa siku moja, utachoka na kuacha.

Matatu zenyewe ni shule. Nairobi ina wachoraji wa magari wanaoweka sura, herufi na misemo kwenye bati, na gari moja hubeba kazi ya watu kadhaa: wa bodi, wa rangi, wa taa, wa viti. Badala ya kuuliza tu kama lafika mjini, tazama herufi zilivyonyooshwa au kupindwa, kivuli chake kimewekwa upande gani, rangi ipi imewekwa karibu na ipi. Ukipenda mchanganyiko fulani, uandike. Mimi hupata michanganyiko ya vitambaa kwa njia hii, na wateja huuliza nimeitoa wapi.

Gikomba nenda asubuhi, marobota ya mitumba yanapofunguliwa. Hata kama huna pesa ya kununua "kamera", chaguo la kwanza lile, simama pembeni utazame. Nguo zinamwagwa kwenye turubai bila mpangilio na rangi zinaangukiana ambavyo hakuna mbunifu angethubutu. Geuza nguo nje ndani uone ilivyoshonwa: mshono wa kwapa, jinsi kola ilivyoshikwa, mahali walipoficha uzi. Huko ndiko mafundi wengi wa mji huu walikosomea bila kulipa karo.

Kisha mama mboga wa hapo kwenu. Simama kibandani kwake ukitazama hadi upate aibu, kisha endelea kidogo. Mafungu ya nyanya yamepangwa vipi, ile ya juu imechaguliwa kwa nini? Sukuma anaikata ikiwa imekunjwa namna gani hata ikatoka nyuzi nyembamba hivyo? Kwa nini dania imewekwa karibu na pilipili hoho nyekundu? Anapanga kwa jicho la mtu anayejua kinachomvuta mpita njia. Muulize akueleze. Wengi wao hufurahi kuulizwa, maana ni nadra mtu kuwauliza jambo lisilohusu bei.

Sasa leso. Pita Biashara Street uingie kwenye maduka ya vitambaa, uombe kufunguliwa leso mbili tatu. Leso ina pindo linalozunguka, ina mji, ile sehemu ya katikati, na ina jina, yale maandishi. Maandishi yaliongezwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Kwa muda wote huo wanawake wa Afrika Mashariki wamekuwa wakisema kwa kitambaa mambo wasiyoweza kuyasema kwa mdomo. Zoezi ni hili: kila jioni, andika jina la leso ya siku yako. Liwe fupi, liingie kwenye mstari mmoja, na litoke kwenye jambo lililotokea leo. Stima ilipotea ukiwa katikati ya kupika? "Sufuria imeungua, moyo haujaungua." Bosi alikukemea mbele ya watu? Andika. Ukipata saba kwa wiki, chagua moja uchoree pindo na mji wake. Nimefanya zoezi hili na wanawake ambao hawajawahi kuandika chochote zaidi ya orodha ya soko, na hakuna aliyekosa la kusema.

Hatua ya nne: lipe wazo mikono upesi

Daftari likijaa na mikono ikakaa, mtu huanza kuogopa. Kwa hiyo kila wazo uliloliwekea alama Jumapili lifanye kitu ndani ya wiki hiyohiyo, hata kiwe kidogo kiasi gani: kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kiganja, beti moja, mchoro nyuma ya risiti. Kiite jaribio, si kazi.

Vifaa visikuzuie, na hapa namtaja kwa heshima Rosemary Karuga. Alizaliwa mwaka 1928, akawa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akafundisha shule kwa miaka mingi. Aliporudi kwenye sanaa kwa nguvu zake zote alikuwa mtu mzima aliyestaafu, miaka ya 1980, na rangi ghali hakuwa nazo. Alichukua pakiti za unga na karatasi za sabuni, akazikata vipande vidogovidogo na kuvigandisha kwa gundi hadi vikawa watu, kuku, mashamba, wanawake wakiwa kazini. Mwaka 1990 kazi hizo zilionyeshwa kwenye Studio Museum in Harlem huko New York. Ukiwa na mkasi, gundi na pakiti ya unga uliyomaliza jana, una vifaa alivyoanzia yeye. Anza leo jioni: kata vipande vyenye rangi zinazofanana uviweke pamoja kwenye bahasha, bahasha moja kwa kila rangi. Kazi hiyo ya kukata na kupanga inatuliza, na mara nyingi picha huanza kujitokeza kabla hujaitafuta.

Kwa washonaji, omba masalio kwa fundi wa mtaani, kitenge kilichobaki baada ya kukata gauni. Wengi huvitupa au huviuza kwa bei ya chini vikiwa kwenye mfuko. Kwa wapishi, jaribio liwe kubadili kitu kimoja tu katika chakula unachokijua: githeri ileile, kiungo kimoja kigeni.

Jiwekee mipaka. Hili wanaoanza hulikataa, wakidhani uhuru ndio unaozaa. Mimi nimeona kinyume chake: ukijiambia "chora chochote" unakwama, ukijiambia "rangi tatu, na mojawapo iwe ya kijani cha sukuma" unaanza. Mashairi ya Kiswahili yanajua siri hii tangu zamani. Tarbia ina mishororo minne kila ubeti, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Ukiandama vina, vina vyenyewe hukupeleka kwenye neno ambalo usingelifikiria. Huu hapa ubeti wangu mmoja, niliouanzia kituoni:

Jioni jua lashuka, kituoni nasimama,
Magari yanafurika, makanga wanalalama,
Mfuko nimeushika, una nyanya na mtama,
Kichwani wazo lafuka, nisije nikalizima.

Mtama haukuwa mfukoni. Kina cha "ma" kiliuleta, nao ukanikumbusha uji wa nyanya yangu mzaa mama, na kutoka hapo nikapata shairi zima ambalo sikuwa nimelipanga. Jaribu ubeti mmoja kuhusu safari yako ya leo. Hesabu mizani kwa vidole. Usiogope ukipata 17, rudi upunguze.

Kuhusu kufanya kazi vipande vipande: wanawake wa Ukambani wamekuwa wakisuka viondo wakitembea, nyuzi zikining'inia, wakienda sokoni au mtoni. Chagua angalau kazi moja ya mkono inayobebeka namna hiyo, crochet, ushanga, kudarizi, ili kungoja kwenye kliniki au benki kusiwe muda uliopotea. Soko la Kariokor lina mafundi wa viondo na ngozi ambao unaweza kuwatazama kwa karibu. Na kutazama mkono wa aliyekutangulia hakuna mbadala. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye leo vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa duniani, alikwenda Abuja, Nigeria, kujifunza, na mmoja wa waliomfundisha ni mfinyanzi Ladi Kwali. Mpaka leo hufinyanga kwa mikono bila gurudumu. Nyumbani kwenu kuna shangazi au nyanya anayejua kitu ambacho hakimo kwenye video yoyote. Mwendee akiwa bado na nguvu, na umwombe akufundishe akiwa anafanya. Akikueleza kwa maneno tu, mambo muhimu atayasahau kwa kuwa mikono yake huyafanya bila yeye kufikiri.

Hatua ya tano: tembea

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mtu anapotembea hutoa mawazo mapya mengi zaidi kuliko akiwa ameketi, kwa wastani wa asilimia 60. Hata waliotembea kwenye mashine ndani ya chumba huku wakitazama ukuta walipata faida hiyo. Kwa hiyo huhitaji mandhari ya kadi ya posta. Shuka steji moja kabla ya yako, saa ambazo bado kuna mwanga na watu, simu ikiwa imefichwa, na utembee na swali moja kichwani: kola hii niifungeje, shairi hili niliishie wapi?

Ukipata nafasi ya miti, bora zaidi. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kwa kujaribu miti iliyoletwa kutoka nje, na leo ni mahali pa familia na vikundi vya maombi kukaa kwenye nyasi. Mwanamke akiketi pale na daftari lake siku ya wikendi hakuna anayemsumbua. Karura ni pana, hekta zipatazo 1,000, na ada ya kuingia ipo. Nenda na mwenzako, mfuate njia zilizowekwa alama. Ukiwa mle kumbuka kwamba msitu huo upo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999, na kwamba miaka kumi kabla yake alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimama ndani ya Uhuru Park. Mimi nikitembea huko huhisi nadaiwa kitu kizuri.

Kuanzia Septemba hadi Novemba usisahau mijakaranda. Barabara zinafunikwa maua ya zambarau, na rangi hiyo juu ya lami iliyolowa ni ya kuandikwa daftarini mara moja.

Kwa kulisha macho kazi za wengine bila gharama kubwa, haya yanatosha kuanzia. Alliance Française, kwenye kona ya Loita Street na Monrovia Street, huwa na maonyesho ya picha ambayo kuyatazama ni bure. Goethe-Institut iko jirani. Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya, wa vitambaa, vito na vitabu vya Afrika. Maktaba ya McMillan, Banda Street, ilifunguliwa mwaka 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa, yako karibu kwa watu wa Eastlands. Ukienda popote kati ya hapo, tazama kazi moja kwa muda mrefu kuliko kutazama zote mbiombio.

Siku ambazo hakuna kitu

Zitakuja. Nyingine huletwa na baridi ya Julai na mawingu yasiyoisha, nyingine na hedhi, na ada ya shule, na msiba. Siku hizo usidai wazo jipya. Panga nyuzi kwa rangi. Safisha cherehani utie mafuta. Nakili upya ubeti wako wa zamani kwa mwandiko mzuri. Rudia mtindo unaoujua macho yakiwa yamefumbwa. Mikono ikibaki karibu na kazi, kurudi huwa rahisi.

Lakini tofautisha. Ikiwa huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakina ladha na hata vitu ulivyovipenda havikugusi, hapo jambo limevuka ubunifu. Vivyo hivyo kwa mama aliyejifungua juzi na anayelia bila kujua sababu. Nenda kituo cha afya, umweleze muuguzi au daktari kwa maneno hayohayo. Ni ugonjwa unaotibika, na kumwambia mtu mapema kunasaidia.

Jambo jingine linalonyonya nguvu taratibu ni kuuza kila kitu. Nairobi ina haraka ya kukugeuza mfanyabiashara: ukishona mkoba mmoja mzuri, kabla ya jioni mtu amekuuliza bei na kukutaka utengeneze ishirini. Uza, pesa zinahitajika na hakuna aibu. Ila baki na kitu kimoja ambacho hakiuzwi, ambacho unaruhusiwa kukikosea na kukifumua bila mteja kungoja. Mimi huziweka pembeni quilt za masalio. Nguo nauza.

Hatua ya sita: anzisha chama

Vyama tunavijua. Tumenunulia sufuria, tumelipia karo, tumezikia wazazi wetu kwa vyama. Tumia mfumo uleule kwa ubunifu, kwa sababu tayari tunaujua na tunauheshimu: kuna siku, kuna zamu, kuna kutokwepa.

Watu wanne au watano wanatosha. Wakizidi saba, wawili watakaa kimya. Si lazima wafanye kazi ya aina moja. Mshonaji, mwandishi na mpishi husaidiana vizuri kwa kuwa hawashindani. Kutaneni mara moja kwa mwezi, saa mbili tu, nyumbani kwa mmoja kwa zamu, chai na kitu cha kutafuna kidogo ili mwenyeji asigeuke mpishi wa karamu. Watoto waje, wapewe kona yao na karatasi.

Mchango uwe wa vifaa. Kila mmoja alete kitu ambacho hakitumii: vifungo, majarida ya zamani, nyuzi, kitambaa, kitabu. Vyote viwekwe katikati na kila mtu aondoke na kimoja. Mkitaka kuweka pesa pia, ziwe kidogo, zitumwe kwa M-Pesa kwa mweka hazina, na anayepokea zamu azitumie kununua kifaa cha kazi yake, alete aonyeshe mwezi unaofuata. Anayechelewa alete daftari jipya la kikundi badala ya faini.

Kanuni za kuonyeshana kazi zikubaliwe tangu mwanzo, maana hapo ndipo vikundi vingi huvunjika. Anayeonyesha aseme kwanza anataka kuambiwa nini: "Niambieni kama rangi zinagombana", au "Leo sitaki maoni, nataka mtazame tu." Wengine waseme walichokiona kabla ya kusema walichokipenda. Hakuna kumlinganisha mtu na mwingine wala na binti wa jirani aliyefanikiwa. Anayetoa kosa aeleze lilipo, mshono upi, mshororo upi. Aliyeonyeshwa asijitetee, aandike tu, na akifika nyumbani ataamua la kuchukua na la kuacha. Picha ya kazi ya mwenzako haitoki kwenye kikundi bila ruhusa yake.

Kila kazi iliyokamilika iandikwe jina la mwenyewe na tarehe nyuma yake, au ipigwe picha na kuhifadhiwa. Kwa sheria ya Kenya, haki ya mtunzi huanza mara kazi inapowekwa kwenye umbo la kudumu, hata kabla ya kusajiliwa, lakini siku ya mzozo ni tarehe na rasimu zitakazokusemea. Vitambaa na karatasi vihifadhi juu, mbali na sakafu na ukuta wa nje, hasa mvua za Machi hadi Mei, kwani nyumba nyingi hapa huvuta unyevu.

Kwa mkutano wa kwanza usidai mtu aje na kazi iliyokamilika, watakuja wawili tu. Waombe kila mmoja alete daftari lake na jina la leso la wiki hiyo. Someni kwa zamu, kila mtu achague jina la mwenzake linalomkaa rohoni, na aondoke nalo kulifanyia kitu, kwa uzi, kwa kalamu au kwa unga. Mwezi ujao aje nacho.